Minyoo ya Plastiki Iliyoyeyusha Vitana vya Kijiji

Jumatatu iliyopita nilipigiwa simu kutoka Bariadi nikaambiwa kwamba mzee aliyekuwa muuza duka wa kijiji chetu enzi za Ujamaa amefariki nyumbani kwake Somanda, kwamba amezikwa alasiri ileile, na kwamba mjane wake ameagiza mwalimu aarifiwe. Mwalimu ndiye mimi. Kabla sijaanza kuwachosha ninyi wasomaji wa safu hii kila wiki, niliwachosha watoto wa darasa la tatu na la nne katika kijiji kimoja kilicho njia ya kwenda Nkololo, wakati ambapo mkoa wetu wa sasa ulikuwa haujazaliwa na Bariadi tulikuwa tunahesabiwa Shinyanga. Mnajua kwamba safu hii haina desturi ya kuwaaga watu wakubwa. Wana wa kuwaaga, tena kwa vipaza sauti. Huyu hakuwa mkubwa. Alikuwa mtu aliyepima sukari bila kutikisa mkono, na ambaye siku moja alinusurika kuitwa mhujumu kwa sababu ya mfuko wa minyoo bandia. Kisa chake nimekaa nacho muda mrefu kuliko inavyostahili, na nitaeleza kwa nini.

Alizaliwa pwani ya ziwa, upande wa Lamadi, katika ukoo wa wavuvi na wachuuzi wa samaki. Ujana wake ulimfikisha Bariadi akiwa na magunia ya dagaa kwenye baiskeli. Dagaa wakaisha, yeye akabaki, akafungua kiduka. Maduka ya watu binafsi yalipofungwa na vijiji vikaambiwa viendeshe maduka yao, halmashauri ya kijiji chetu ilitazama huku na huku ikagundua kwamba wajumbe wake wote walikuwa mabingwa wa pamba na ng'ombe, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kufunga chumvi ya robo kilo kwenye gazeti bila nusu yake kumwagika. Wakaenda kumwomba yule mfanyabiashara aliyefungiwa duka lake aje auze la kwao. Alikuja na mke wake, kofia yake ya kiua na msala wake, akapewa nyumba iliyopakana na yangu, na haikupita wiki nikawa nakula kwao kuliko ninavyokula kwangu. Mkewe alikuwa mwanamke mcheshi, msafi kupita kiasi, aliyenukia udi hata siku ambazo kijiji kizima kilinukia mbolea.

Mtu yule alikuwa na kasoro moja tu machoni pa wanakijiji: alikuwa anavua kwa ndoano. Ijumaa baada ya swala, na jioni duka likifungwa mapema kwa kukosa cha kuuza, alichukua ufito na mshipi akaenda kuketi kando ya lambo letu la kunyweshea mifugo. Kwa Msukuma wa kijijini, mwanamume mzima anayekaa karibu na maji bila ng'ombe ni jambo linalohitaji maelezo. Wachungaji walipita, wakamsalimu, "Mwadila, baba," kisha wakamuuliza kwa huruma ya kweli amepotelewa na ng'ombe gani. Alijibu kila mara kwamba anatafuta kambare. Wakaitikia kwa heshima na kuondoka, na ninaamini baadhi yao walidhani Kambare ni jina la ndama.

Sasa lile lambo lilikuwa limechimbwa chini ya usimamizi wa mtaalamu mmoja wa kigeni, mzungu mrefu mwenye ngozi iliyobabuka, ambaye naye alikuwa na ugonjwa uleule wa ndoano. Walikutana pale ukingoni, mmoja akiwa na Kiswahili cha Lamadi na mwingine akiwa na Kiswahili cha wiki sita, wakaelewana kuliko ndugu. Mkataba wa mtaalamu ulipokwisha, alimwachia rafiki yake zawadi: mifuko minne midogo ya nailoni, na ndani yake minyoo ya plastiki. Mimi sikuwahi kuona kitu kama kile. Ilikuwa laini kama sikio la mtoto, mirefu kama kidole cha kati, yenye mkia mwembamba uliotetemeka ukiuvuta majini. Mifuko miwili ilikuwa na minyoo myeusi, mmoja myekundu, mmoja ya zambarau. Na ilinukia. Ilitoa harufu tamu ya pipi za kikohozi iliyochanganyika na bizari tamu, harufu iliyokufanya umeze mate bila kupenda. Mtaalamu alikuwa amemwachia na masharti, na masharti yale muuza duka aliyakariri kama dua. Kila rangi ikae kwenye mfuko wake, maana zikichanganywa zinaambukizana, mweusi unaupaka mwekundu. Isikunjwe mkia, utabaki umekunjika milele. Isiwekwe juani. Isiguswe kwa mkono wenye sabuni, tumbaku wala mafuta ya taa, kwa sababu kambare ananusa kabla hajauma na hasahau. Na zaidi ya yote isilazwe juu ya plastiki nyingine, kwa kuwa ina mafuta fulani ndani yake yanayoyeyusha plastiki kavu. Alinieleza haya mara nyingi sana nikila ugali wake, hata nikaacha kuyasikia, kama mtu anayeishi karibu na mashine ya kusaga asivyosikia mlio wake.

Kuhusu sabuni hakukuwa na hatari. Kijiji kilikuwa hakijaona sabuni tangu mavuno. Hatari ilitoka kwenye mifuko yenyewe. Vijana wa leo mnaotupa mifuko barabarani hamwezi kujua mfuko wa nailoni usiotoboka ulikuwa na hadhi gani wakati ule. Mtu aliutumia kutunzia chumvi, cheti cha ubatizo, mbegu za mchicha, akafa akaurithisha. Mke wa muuza duka alivumilia wiki mbili kuona mifuko minne mizima ikiwa imetengwa kwa ajili ya minyoo. Siku mumewe alipokwenda Bariadi kufuatilia mgawo wa bidhaa, aliikung'uta mitatu, akaiosha, akaianika kwenye kamba, na minyoo akaimwaga ndani ya boksi lililokuwa chini ya kaunta ya duka. Lile boksi lilikuwa na vitana.

Ilikuwa shehena ya kwanza ya vitana baada ya miezi mingi, kitana kimoja kwa kila kaya, na siku ya kuvigawa ilikuwa imetangazwa. Akina mama walikuwa wakichana nywele kwa vijiti na njiti za baiskeli. Muuza duka alirudi na magunia mawili ya chumvi, hakufungua boksi, na jua la Septemba likakaa juu ya bati la duka lile siku sita mfululizo. Siku ya kugawa, foleni ikiwa imefika hadi kwenye zahanati, aliinua boksi akaliweka juu ya kaunta, akaingiza mkono achukue kitana cha kwanza, na vikaja vyote. Vilikuwa vimegandana kama mzinga wa nyuki, vya bluu na vya njano, na katikati yake minyoo ilikuwa imezama, mingine kichwa nje, mingine mkia nje. Harufu tamu ikasambaa hadi barabarani. Mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alitazama muda mrefu, kisha akawageukia wenzake akasema kwa utulivu kabisa, "Wadudu wamekula vitana."

Kufika saa sita habari ilikuwa imeshakua. Ilisemekana kuna minyoo wa kizungu wanaokula vitana, na ukichania kitana walichokigusa watahamia kichwani. Kufika saa kumi halmashauri ilikuwa imekaa katika darasa langu, wazee wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Mimi nilikuwemo kama mjumbe wa kamati ya duka. Katibu wa kijiji, kijana aliyetoka kwenye semina juzi tu, ndiye aliyefungua. "Ndugu wajumbe," akasema, "tuliambiwa maadui wetu ni kupe na mirija. Leo wametuletea minyoo. Mtu aliyekuwa na duka lake binafsi amepewa duka la umma, na mali ya umma imeyeyuka. Kwa Kiswahili rahisi hii ni hujuma, na mimi nitaandika barua wilayani." Neno hilo halikuwa la mchezo. Kulikuwa na watu waliopelekwa wilayani kwa mambo madogo kuliko hayo, na nyumba zao zikabaki na wanawake wanaosubiri.

Muuza duka alisimama, kofia mkononi. "Si wadudu," akasema. "Ni vyambo vya kuvulia samaki. Vimechanganyika na vitana kwa bahati mbaya. Kosa ni langu." Mkewe hakumtaja. Akaomba wajumbe waione wenyewe, na minyoo mitano iliyokuwa haijagandana ikapitishwa dawati kwa dawati, mikononi mwa wavuta tumbaku. Ilipokwenda ilikuwa mitano, iliporudi mezani ilikuwa minne. Mzee mmoja mjumbe wa nyumba kumi, aliyekuwa amekaa nyuma, alionekana akitafuna taratibu, macho yakiwa ukutani kwenye ramani ya Afrika. Alitafuna mpaka mwisho wa kikao. Alipoulizwa maoni yake, aliinua mkono kuonyesha kwamba anakubaliana na wengi.

Kilichomwokoa muuza duka siku ile ni mwenyekiti, mfugaji mzee mwenye upara ambaye Kiswahili kilimgharimu, kwa hiyo alikitumia kwa uangalifu. "Katibu, barua itasubiri," akasema. "Ng'ombe wangu akisingiziwa kala mtama wa jirani, mimi siandiki. Naenda kwanza kutazama mavi yake. Huyu anasema ni vitu vya samaki. Sisi hatujui. Keshokutwa twende wote kwenye lambo, avue. Samaki akiuma, ni vyambo. Asipouma, andika."

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na naomba mnisome kwa upole. Kesho yake asubuhi muuza duka alikuwa amekwama kuhesabu vitana na katibu, akaniomba nimtolee ile minyoo iliyogandana, angalau michache, ili awe na ya kutosha kwa ajili ya siku ya lambo. Nilijaribu kwa kisu, ikakatika. Nilijaribu kwa maji moto, ikacheka tu. Ndipo nikakumbuka jinsi madereva wa malori ya pamba wanavyoondoa lami kwenye nguo, nikachukua taa yangu ya chemli, nikamimina mafuta ya taa kwenye bakuli, nikailoweka. Baada ya saa moja ilikuwa inachomoka kama mbegu ya embe bivu. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaianika, nikampelekea kumi na mbili ikiwa inang'aa. Aliishika, akainama kuitazama kwa karibu, akaniuliza nimeitoaje. Nikajibu, "Kwa uvumilivu tu." Akanishukuru, akanikaribisha chakula cha mchana. Wasomaji, nilikuwa na cheti cha ualimu. Nilikumbuka sharti la mafuta ya taa nikiwa na tonge la tatu mkononi, na sikusema neno.

Siku ya lambo kijiji kizima kilifika. Ng'ombe walinyweshwa mapema wakaondolewa, jambo ambalo halikufanyika hata alipokuja mkuu wa wilaya. Wajumbe walipanga viti ukingoni. Muuza duka aliutungika mnyoo mweusi kwa ustadi, akiificha ncha ya ndoano ndani ya mwili wake ili isinase kwenye matawi ya miiba yaliyozama, akarusha, akavuta polepole. Hakuna. Akabadilisha mwekundu. Hakuna. Jua likapanda. Katibu akatoa kalamu mfukoni akaanza kuichezea. Watu walianza kutoa ushauri, na hakuna aina ya ushauri iliyo nyingi kama ya watu wasiovua: arushe mbali, arushe karibu, aimbe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake hatua tatu, jasho likinitiririka, na kila mnyoo ulipotoka majini mtupu nilisikia harufu ya chemli yangu kana kwamba ninaishikilia puani. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili niliwaona wazazi wa wanafunzi wangu wamesimama pale, nikaufunga.

Alikuwa amebakiwa na minyoo miwili wakati mkewe alipopita katikati ya watu, khanga imejaa upepo, akaenda moja kwa moja hadi kwa mumewe. Kutoka kwapani, chini ya khanga, alichomoa mfuko wa nailoni uliokuwa umefungwa vizuri. Ulikuwa mfuko wa nne, ule wa zambarau. Akauinua ili mwenyekiti auone. "Hii nilificha mimi," akasema. "Niliweka katikati ya nguo zangu kwenye sanduku. Udi umeisha, hamtuletei udi, na mimi sitaki kunuka moshi. Na ile mingine mimi ndiye niliyeimwaga kwenye vitana, si huyu. Kama kuna barua, andika jina langu." Kisha akamkabidhi mumewe, na sauti ikashuka kidogo: "Chukua mmoja. Mmoja tu."

Minyoo ile ilikuwa imekaa zaidi ya wiki gizani, kwenye baridi ya sanduku, katika mfuko wake, rangi moja, mikia imenyooka. Bila kujua masharti ya mtaalamu, mama yule ndiye pekee aliyeyatimiza yote. Harufu ilipofunguka, hata katibu aligeuza shingo. Muuza duka alisugua mikono yake kwa udongo wa ukingoni, akatungika, akarusha karibu na shina la mti uliozama, akaacha mnyoo ushuke wenyewe. Tukaona mshipi unatembea. Hakuvuta, alihesabu pumzi kama tatu, midomo yake ikisogea, kisha akainua ufito kwa nguvu na ukapinda kama upinde. Kambare alipotoka kwenye tope alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, mweusi, mwenye sharubu, amekasirika, na mkia wa zambarau ulikuwa unaning'inia pembeni ya mdomo wake. Mwenyekiti alisogea akamtazama samaki, akautazama mkia, akamgeukia katibu. "Ni vyambo," akasema. "Vitana vimekufa kwa ajali." Mzee wa nyumba kumi, yule aliyetafuna, alishika tumbo lake akauliza kwa sauti ndogo kama kitu kile kinapita chenyewe au aende zahanati.

Kambare alipikwa na kugawiwa, kila mtu akapata kipande kama ukucha. Vitana vilivyoweza kutenganishwa viligawiwa hivyohivyo, vingine vikiwa na nusu ya meno, na kwa miezi mingi ukisimama kwenye foleni ya duka ulisikia harufu ya bizari ikitoka kwenye vichwa vya akina mama. Mwenyekiti alichagua kimoja kisichokuwa na jino hata moja akasema kwa upara wake kinatosha. Muuza duka aliendelea na kazi hadi maduka yale yalipokufa, akarudi Bariadi, mtaa wa Somanda, akafungua kibanda chake. Ile minyoo ya zambarau aliitunza miaka. Ukikatika aliunganisha vipande kwa ncha ya kisu kilichopashwa moto, kwa makini ya fundi saa, akaulaza tena mfukoni ukiwa umenyooka.

Nimewaza sana juu ya miaka ile. Wako wanaoikumbuka kama pepo na wako wanaoikumbuka kama foleni tu, na wote nawaelewa. Ilikuwa miaka ambayo kitu kikiharibika ilibidi apatikane adui aliyekiharibu, kwa sababu tulikuwa tumeahidiwa mengi na yaliyofika yalikuwa machache. Kitana kilichoyeyuka hakikuweza kuwa joto la bati na mke mwenye haja ya mfuko. Kilipaswa kuwa njama. Lakini ilikuwa pia miaka ambayo halmashauri nzima ya kijiji ingeweza kuacha palizi, ikabeba viti vyake, ikaenda kukaa juani kwa saa tano kutazama kama mtu anasema kweli. Siku hizi tuna simu za kumhukumia mtu kabla chai haijapoa, na hakuna anayeulizia lambo liko wapi. Sijui kama tumepanda au tumeshuka. Ninachojua ni kwamba mwenyekiti yule hakujua kusoma, na ndiye hakimu bora niliyewahi kumwona.

Nilifika Somanda siku ya tatu ya msiba, mchana. Mjane alikuwa ameketi mkekani na jamaa zake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilimpa pole, kisha nikajikuta namweleza mbele za watu wote: bakuli, chemli, uongo wangu, na jinsi nilivyosimama ukingoni nimefunga mdomo wakati mumewe akikaribia kupelekwa wilayani. Nilitegemea angeshangaa. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayekuletea habari kwamba mvua imenyesha.

"Alijua," akasema. "Mtu aliyeuza mafuta ya taa kila siku, pua yake unaidanganyaje, mwalimu? Ulipoondoka tu aliniletea ninuse. Akaisugua kwa samli na bizari mpaka usiku ukamkuta, haikusaidia. Akaniomba mfuko wangu, nikakataa."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Angesema tu kwamba mwalimu ameiharibu, wangeahirisha, wangemwelewa.

"Nilimwambia hivyo. Akasema, 'Yule bado kijana, na wale ni wazazi wa watoto anaowafundisha. Wakimcheka leo, kesho watoto hawamsikilizi. Mimi duka nimeshawahi kupoteza, najua linavyouma. Yeye hajui.'" Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Ndiyo maana nikauleta ule mfuko. Si kwa ajili ya katibu."

Nilifundisha kijijini pale miaka minne zaidi, na watoto wale walinisikiliza. Baadhi yao leo ni wauguzi, madereva, mmoja ni hakimu. Kila nilipowakumbuka nilijisifu kwamba niliipata heshima ile kwa chaki na jasho langu. Sasa najua kuna mtu aliyeilipia, akakaa kimya, akaendelea kunikaribisha mchana kwenye ugali kana kwamba hakuna kilichotokea. Somo ninalolibeba kutoka Somanda ni dogo, na ninawaachia nanyi: ukiwa na kosa la kukiri, likiri mapema, wakati yule uliyemkosea bado anaweza kukucheka.